Gari Likilala, Mtaji Nao Umelala

Leo siongelei kupanga bidhaa wala wateja wa mkopo. Naongelea gari. Dada yangu anaondoka mwezi ujao kwenda Muscat, mkataba wa miaka miwili, na nyumbani kumewaka moto: IST yake iuzwe au ibaki?

Mama anasema ibaki. Mashangazi wanasema ibaki. Shemeji anasema ibaki, tena yuko tayari kuitunza yeye. Mimi peke yangu nimesema iuzwe, na tangu niseme hivyo naonekana kama nina wivu na gari la dada yangu. Nimeona bora niandike hapa hesabu zangu zote, maana najua humu kuna wengi mnajiandaa kwenda Oman, Dubai, Doha au kwingine, na swali ni hilo hilo.

Kwanza mnijue. Nina miaka ishirini na nane, nimeishia kidato cha nne, nina duka la vyakula Kihonda, Morogoro. Uhasibu sijasomea. Ninachojua nimefundishwa na daftari, na kingine nimefundishwa na kirikuu.

Kirikuu yangu niliinunua mwaka 2021 kwa 9,500,000. Mkononi, siyo kutoka Japani. Ilikuwa inanitoa Kihonda alfajiri hadi soko la Chifu Kingalu, narudi na mchele, mafuta, sabuni, na mchana inabeba mizigo ya watu. Mwaka 2022 nikapata kazi Muscat, kwenye ghala la duka kubwa la vyakula. Riali moja wakati ule ilikuwa kama elfu sita ya kwetu. Nikasema hapa ndipo natoka kimaisha.

Zikiwa zimebaki siku nne nisafiri, mfanyabiashara mmoja wa pale sokoni akanifuata. Akaniwekea 9,000,000 mezani, taslimu. Nikakataa. Kwa nini? Kwa sababu niliona aibu. Nilijua mtaa utasema, "Dogo kauza gari ili apate nauli." Mama naye aliniambia gari ni heshima ya nyumba. Nikaipeleka kwa mjomba, ana uwanja wenye geti, nikamwachia ufunguo na kadi. Makubaliano ya mdomo: iwashwe kila Jumapili, isitoke. Mimi nitatuma elfu ishirini kila mwezi ya mafuta kidogo na ya mlinzi.

Nilituma miezi yote ishirini na nne. Sikuwahi kukosa.

Nimerudi 2024 nikaikuta iko juu ya mawe. Siyo msemo, ilikuwa juu ya mawe kweli, maana matairi mawili ya nyuma yalikuwa yameisha upepo na mpira umepasuka kwa jua. Panya walikuwa wamezaa chini ya dashibodi na kula nyaya. Mafuta kwenye tangi yalikuwa yamechacha, yananuka kama vanishi. Betri ilikuwa imekufa siku nyingi. Kumbe miezi mitano ya kwanza iliwashwa vizuri kama tulivyokubaliana. Baadaye binamu yangu akapata kazi ya kubeba mchanga, akaiazima "siku mbili tatu". Siku tatu zikawa miezi, hadi ilipomgomea, akairudisha palepale na kunyamaza.

Mjomba simlaumu sana. Yeye ana watoto wake na shida zake, na kijana wake alikuwa anatafuta riziki. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukiondoka, gari lako linabaki na watu wasio na uchungu nalo, hata kama wanakupenda wewe.

Sasa hesabu. Hii hapa nimeitoa kwenye daftari kama ilivyo:

Betri: 170,000
Matairi manne: 480,000
Pampu ya mafuta na kusafisha tangi: 230,000
Nyaya na fundi umeme: 180,000
Breki: 140,000
Oili, plagi na maji ya rejeta: 90,000
Faini nne za trafiki za elfu thelathini thelathini: 120,000

Jumla 1,410,000. Ongeza 480,000 nilizotuma kwa miezi 24. Inakuwa 1,890,000. Baada ya kuitengeneza nikaiuza, kwa sababu haikuwa tena gari la kuaminika. Nilipata 6,500,000. Toa gharama, mkononi imebaki 4,610,000.

Mwaka 2022 nilikataa 9,000,000. Kwa hiyo ile heshima ya nyumba imenigharimu 4,390,000. Gawa kwa miezi 24 unapata kama 183,000 kila mwezi. Nilikuwa nalipa kodi ya fremu nzuri kabisa ya biashara, ila ndani ya fremu hakuna biashara, kuna panya.

Na hapo sijahesabu kitu kinachoniuma zaidi. Duka nilimwachia mdogo wangu wa kike na mtaji wa milioni mbili tu. Mteja anakuja kutaka unga kilo ishirini na tano, hakuna. Anataka mafuta ya dumu, hakuna. Binti wa watu anasema, "Nenda pale kwa jirani." Miaka miwili anasema nenda kwa jirani. Niliporudi wateja walikuwa wameshazoea kwa jirani, na hadi leo wengine sijawarudisha. Milioni tisa zilikuwa uwanjani kwa mjomba zinapigwa jua, na shelfu za duka langu ziko tupu.

Kuna jambo moja silali nikilikumbuka. Binamu alikuwa anaendesha gari ambalo bima yake ilishaisha. Kadi ina jina langu. Kama angemgonga mtoto wa mtu barabarani, mimi niko Muscat napanga maboksi, ningeambiwa nini? Mungu alisaidia tu.

Ndiyo maana nasema wazi: kama unakwenda nje zaidi ya mwaka mmoja, na gari lako halitakuwa na kazi inayoingiza hela wakati haupo, liuze. Usilitunze.

Najua majibu yenu, maana nimeyasikia yote sebuleni kwetu. Twende moja moja.

"Lakini kulilaza gari ni bure, halidai chochote."

Hili linatokana na kwamba tangu bajeti ya mwaka 2017 ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta. Ni kweli, gari lisilotembea halidaiwi hiyo. Lakini serikali siyo mdai peke yake. Betri ikikaa bila chaji inajiharibu ndani, haifufuki. Tairi likibeba uzito sehemu moja miezi mingi linapata bonde. Petroli ikikaa miezi mingi inachacha. Breki zinashika kutu, mipira inakauka. Gari lililolala linaumwa kimyakimya, na bili utaikuta siku ya kurudi.

"Ukirudi utanunua kwa bei gani? Magari yanapanda kila siku."

Hii ndiyo hoja ya maana kuliko zote, siidharau. Magari yetu yanatoka Japani, bei ni ya dola, na shilingi ikiyumba bei inaruka. Bado ushuru. Gari likizidi miaka minane tangu litengenezwe linaongezewa na kodi ya uchakavu. Kwa hiyo ukipanga kurudi na kuagiza jipya, jiandae.

Lakini nani kakwambia uagize? Wewe umeuza gari la mkononi, utanunua gari la mkononi. Ukirudi, ndugu yake gari lako atakuwa sokoni, wa umri uleule, namba ileile. Na kama bei zitakuwa zimepanda, usidhani lako lililolala litapanda sawa na lile lililokuwa linatembea na kufanyiwa sevisi. Mnunuzi wa bongo siyo mjinga. Anafungua boneti, anachungulia chini, anauliza, "Hili lilikuwa limepaki?" Akishauliza hivyo, bei imeshashuka. Halafu kuna hesabu ya namba. Mnajua wenyewe madalali wanavyotaja gari: namba C, namba D, namba E. Herufi mpya zinazidi kutoka, lako linazidi kuwa la zamani hata kama halijatembea hata kilomita moja.

"Je, mkataba ukivunjika nikarudi ghafla?"

Inatokea. Nimewaona Muscat watu waliorudi baada ya miezi mitatu. Lakini nikuulize: ukirudi ghafla huna kazi, unahitaji nini zaidi, gari bovu uwanjani au milioni kumi kwenye akaunti? Gari ukiliuza ukiwa na njaa, dalali anakusoma usoni.

"Watu watasema umefulia."

Watasema. Mimi waliniona nina kirikuu, sasa hivi hawanichangii hata shilingi ya zile 4,390,000.

Sasa turudi kwa dada. IST yake ni namba D, nzima, imetunzwa, na kuna mtu amefika 10,500,000. Nimempigia hesabu ya kuiacha miaka miwili. Sehemu ya kulaza yenye mlinzi wa uhakika ni elfu thelathini kwa mwezi, kwa miezi 24 ni 720,000. Betri ya kununua akirudi 170,000. Matairi manne 560,000. Sevisi kubwa ya kuliamsha 250,000. Hapo ni 1,700,000. Halafu nimewauliza madalali watatu, gari kama hili miaka miwili mbele litakuwa shilingi ngapi kwa bei ya leo. Kila mmoja kwa wakati wake akaniambia kama 8,500,000. Kwa hiyo kuna milioni mbili nyingine za kushuka. Jumla 3,700,000, sawa na kama 154,000 kila mwezi. Na hii ni kama kila mtu atatimiza ahadi yake, hakuna binamu wa mchanga.

Nilipomwonyesha karatasi, dada alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mdogo wangu, hesabu nimeielewa. Lakini hili gari nililinunua ili mama asipande daladala kwenda kliniki."

Hapo nikashindwa kujibu. Mama ana presha, kila mwezi anakwenda hospitali. Baba alipofariki, dada alijinyima miaka mitatu akanunua hilo gari, na kila mwezi anampeleka mwenyewe. Kwake kuliuza ni kama kumwambia mama kwamba sasa ujitegemee. Kumbe sebuleni siku zote tulikuwa tunabishana kuhusu gari, na yeye alikuwa anafikiria mama atafikaje kliniki.

Nilikwenda kulala, asubuhi nikarudi na swali moja tu: "Dada, ukiwa Muscat, nani atakuwa anaendesha?" Mama hajui kuendesha. Mimi saa kumi na moja alfajiri niko dukani. Shemeji anaishi Dodoma, gari angelihamishia huko. Kwa hiyo gari likibaki, siku ya kliniki mama ataliangalia dirishani, halafu atoke kutafuta bajaji.

Tukapiga hesabu nyingine. Bajaji ya mtu tunayemjua, kwenda na kurudi na kumsubiri, elfu kumi. Miezi 24 ni 240,000. Tukisema hapana, mama apande taksi nzuri, tena elfu thelathini kila safari, inakuwa 720,000. Hiyo ni sawasawa na hela ya kulilaza gari peke yake! Kwa hiyo tukiuza, tunaweza kutenga hiyo 720,000 pembeni, jina lake liwe "kliniki ya mama", isiguswe na mtu. Mama atapelekwa kila mwezi kweli, siyo kwa ahadi.

Dada hajaamua bado. Ni gari lake, jasho lake, sitamlazimisha. Lakini nimeona akipiga picha ile karatasi kwa simu.

Sasa, sisemi kila mtu auze. Kuna watu wanaopaswa kuacha. Jiulize maswali matatu:

1. Nitakuwa nje muda gani? Chini ya miezi sita, acha. Gharama za kuuza na kununua tena zitakula faida yote.

2. Gari litafanya kazi? Kama una dereva mwaminifu anayeleta hesabu kila wiki, bima hai, na kuna mtu wa kukagua gari kila mwezi asiyekuwa dereva mwenyewe, hiyo ni biashara. Acha, lakini iendeshe kama biashara, kwa daftari. Mali bila daftari huisha bila habari.

3. Kuna mtu nyumbani anayelihitaji kila siku na ana leseni? Mkeo, mumeo, mwanao mkubwa. Kama yupo, gari halitalala. Mwachie kwa roho safi, ila mkubaliane nani analipa bima na sevisi.

Kama majibu yote matatu ni hapana, wewe ni wa kuuza.

Ukiamua kuliacha hata hivyo, basi lilaze vizuri. Lioshe ndani na nje, usiache hata ganda la karanga maana panya anaanzia hapo. Badilisha oili kabla, siyo baada. Jaza tangi ili unyevu usipate nafasi. Chomoa waya hasi wa betri, au itoe kabisa mpe mtu wa kuichaji. Jaza upepo matairi, liweke kwenye stendi imara. Usivute hendibreki, weka gogo kwenye tairi ili breki zisigande. Piga picha kilomita za dashibodi, mtumie unayemwachia, ajue unajua. Ufunguo mpe huyu, kadi mpe yule. Mimi niliviacha vyote sehemu moja, nikajiletea mwenyewe. Na kila baada ya miezi miwili ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa faini mtandaoni. Ukiona deni jipya, jua gari lako linatembea.

Ukiamua kuuza, sikiliza haya pia. Anza miezi miwili kabla ya safari. Ukisubiri wiki ya mwisho, mnunuzi anasikia harufu ya tiketi. Usitangaze kwamba unasafiri, sema unauza, basi. Dalali mkubaliane mapema anachukua shilingi ngapi. Hela ipite benki, na usikubali "nakupa nusu, nyingine nitakutumia ukiwa huko". Ukiwa huko utamfuata na nini?

Muhimu kuliko yote: hamisha umiliki TRA kabla hujapanda ndege. Mkataba wa mauziano kwa wakili, TIN zenu wote wawili, kadi halisi, ada zilipwe, jina libadilike. Mkubaliane kwenye mkataba nani analipa hizo ada, maana ushuru wa stempu nao upo na watu hugombana hapo. Jina likibaki lako, faini na ajali zitakufuata hadi uarabuni. Kama muda umekubana, mwachie mtu unayemwamini hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, siyo karatasi ya kuchana kwenye daftari.

Na hela ukishaipata, usiilaze nayo. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Wanauza gari vizuri, halafu sherehe ya kuaga, simu mpya, mkopo kwa rafiki, wanapanda ndege na laki tatu. Hapo bora ungeliacha gari, angalau ungekuta chuma. Kama una duka na mtu wa kuaminika, sehemu iende kwenye bidhaa zinazotoka haraka, siyo zote. Nyingine weka sehemu ambayo si rahisi kuichezea lakini ukikwama unaitoa, kama mifuko ya UTT au akaunti ya muda maalumu benki. Andika kabisa: hii ni hela ya gari nitakaporudi. Hela isiyo na jina haina mwenyewe.

Mimi nilirudi Muscat na akiba nzuri tu, sitasema uongo. Lakini sehemu ya ile akiba ilikwenda kufukuza panya kwenye kirikuu, na wateja niliowapoteza hawana duka la spea la kuwanunua. Leo mizigo yangu inabebwa na guta la kukodi. Naikumbuka ile milioni tisa iliyokuwa mezani, na yule mfanyabiashara aliyenisubiri dakika nzima nibadili mawazo.

Kama una ndugu anayepanga begi sasa hivi, mkae naye, mchukue kalamu, mpige hesabu kabla hajaacha ufunguo kwa mjomba. Mjomba ni mtu mzuri, ila si kazi yake kulinda mtaji wako.